Geoffrey de Havilland: Fundi wa Fulham aliyeipa dunia 'Nondo'

Sir Geoffrey de Havilland, aliyefariki dunia mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 82, ameacha alama kubwa katika historia ya usafiri wa anga wa Afrika Mashariki. Ndege zake zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kubeba abiria na barua kutoka Nairobi. Ndege ya kwanza ya abiria yenye injini za jeti, iliyoundwa na kampuni yake, ilitua Entebbe mwaka 1952.

Safari hiyo ndefu ilianzia katika karakana ndogo mtaani Fulham, magharibi mwa London, ambako kijana huyo alijiundia ndege kwa mikono yake. Katika maisha yake yote alikuja kufahamu, wakati mwingine kwa gharama ya uchungu, kwamba usalama wa chombo cha angani hutegemea vitu vidogo ambavyo jicho la abiria halivioni.

Mtoto wa kasisi

Geoffrey alizaliwa Julai 27, 1882, katika jimbo la Buckinghamshire, akiwa mtoto wa kasisi. Hakuvutiwa na kazi ya baba yake. Alisomea uhandisi huko Crystal Palace, kusini mwa London, kisha akafanya kazi katika viwanda vya magari, kikiwemo kimoja cha mabasi huko Walthamstow.

Mwaka 1908, baada ya habari za Wamarekani Wilbur na Orville Wright kuenea Ulaya, aliacha ajira. Babu yake mzaa mama alimpa pauni 1,000, fedha nyingi mno kwa wakati huo.

Alishirikiana na rafiki yake, fundi Frank Hearle, ambaye baadaye alikuwa shemeji yake. Mkewe, Louise, alishona kitambaa cha mabawa kwa cherehani ya mkono. Kwa kuwa hakuridhika na injini zilizokuwa sokoni, Geoffrey alichora yake mwenyewe, ikatengenezwa na kiwanda kimoja huko Willesden, London.

Desemba 1909 ndege hiyo ilipelekwa katika uwanda wa Seven Barrows, jimbo la Hampshire. Iliinuka kwa muda mfupi tu kabla ya bawa kuvunjika na chombo kizima kuanguka. Rubani alinusurika bila majeraha makubwa. Mbao za mabawa hazikuwa na nguvu za kutosha.

Injini ilisalimika. Ilifungwa katika ndege ya pili, iliyo nyepesi na imara zaidi, ambayo iliruka vyema mwaka 1910. Serikali ya Uingereza iliinunua kwa pauni 400 na kumwajiri muundaji wake huko Farnborough.

Ndege ya mtu wa kawaida

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambapo ndege alizobuni zilitumika kwa wingi, de Havilland alianzisha kampuni yake mwaka 1920. Makao yake yalikuwa katika uwanja wa Stag Lane, Edgware, kaskazini magharibi mwa London.

Februari 22, 1925, yeye mwenyewe alirusha hapo ndege ndogo ya watu wawili. Kwa kuwa alipenda wadudu tangu utotoni, aliipa jina la Moth, yaani nondo, yule mdudu anayevutwa na taa usiku. Mabawa yake yalikunjwa kwa nyuma kama ya mdudu huyo, hivyo mwenyewe aliweza kuiweka katika banda dogo.

Mwaka 1928 ilipata injini mpya iliyoitwa Gipsy. Ili kuthibitisha uimara wake, injini moja ilifungwa kwa lakiri na kurushwa kwa saa 600 bila kufunguliwa.

Waya unaodanganya

Nondo wa kwanza hawakuwa na stata ya umeme kama ya gari la leo. Mtu alisimama mbele ya ndege na kuzungusha rafadha, yaani panga la puani, kwa mkono. Injini ilipowaka, panga hilo lilianza kukata hewa karibu kabisa na mwili wake.

Cheche za kuwashia petroli zilitoka katika magneto, kifaa kinachozalisha umeme chenyewe kinapozungushwa, bila kuhitaji betri. Injini ilikuwa na magneto mbili, ili moja ikishindwa nyingine iendelee kufanya kazi angani.

Hatari imo katika namna ya kuizima. Swichi ya magneto haikati umeme kama swichi ya taa ya nyumbani. Inapozimwa, huunganisha waya wa magneto na chuma cha injini, ili umeme upotelee humo badala ya kwenda kwenye plagi.

Kwa hiyo, waya huo ukikatika au ukilegea, swichi itaonyesha kuwa imezimwa ilhali magneto iko hai. Anayeligusa panga akidhani injini imelala anaweza kuiamsha na kupoteza mkono au maisha.

Ndiyo sababu ya kanuni iliyofundishwa katika viwanja vya ndege: panga lolote lichukuliwe kuwa hai wakati wote, magurudumu yazuiwe kwa vigingi, na rubani na mzungushaji waitikiane kwa sauti kabla ya kila hatua. Katika ndege ya Tiger Moth, iliyotoka mwaka 1931, swichi hizo ziliwekwa nje ya bodi, mahali ambapo anayezungusha panga anaweza kuziona.

Miongoni mwa waliojifunza mambo hayo Stag Lane alikuwa Amy Johnson, katibu wa ofisi ya mawakili jijini London, aliyepata pia leseni ya ufundi wa ndege mwaka 1929. Mei 1930 aliirusha Nondo yake peke yake kutoka London hadi Darwin, Australia, akiikagua na kuitengeneza njiani.

Nairobi na Voi

Mwaka huo wa 1929, Bi. Florence Kerr Wilson alianzisha shirika la Wilson Airways mjini Nairobi, akianza na Nondo moja ya injini ya Gipsy. Uwanja wa Wilson mjini humo unabeba jina lake.

Hata hivyo, umaarufu wa ndege hizo haukuondoa hatari zake. Mei 1931 mwindaji Denys Finch Hatton na msaidizi wake Kamau walifariki dunia baada ya Nondo yao kuanguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka Voi.

Msiba nyumbani

De Havilland naye hakusalimika. Mwanawe John alikufa mwaka 1943 wakati ndege mbili za kampuni hiyo zilipogongana angani. Septemba 1946 mwanawe mwingine, Geoffrey, aliyekuwa rubani mkuu wa majaribio, aliangamia juu ya mlango wa mto Thames ndege yake ya jeti ilipopasuka ikiwa katika mwendo wa kasi. Louise, aliyeshona mabawa ya kwanza, alifariki mwaka 1949.

Mwaka huohuo, siku de Havilland alipotimiza miaka 67, ndege ya Comet iliruka kwa mara ya kwanza. Mei 2, 1952 ilianza safari za abiria kutoka London hadi Johannesburg, ikipitia Khartoum na Entebbe.

Miaka miwili baadaye, Comet mbili ziliporomoka katika bahari ya Mediterania na kuua watu 56. Wachunguzi huko Farnborough waliizamisha bodi ya Comet katika tangi la maji na kuijaza shinikizo mara maelfu, hadi ikapasuka. Waligundua kwamba chuma kilichoka, na nyufa zilianzia pembeni mwa matundu yaliyokatwa kwenye bodi. Matokeo yalitangazwa hadharani, na watengenezaji wa ndege kote duniani wakayatumia.

Comet iliyoboreshwa ilirejea mwaka 1958, na mwaka 1960 shirika la ndege la Afrika Mashariki, East African Airways, lilianza kuzitumia ndege hizo.

Urithi wake

Hadi leo wako watu wanaojiundia ndege ndogo majumbani, kama alivyofanya yeye Fulham. Nyingi kati ya ndege hizo sasa zina betri na stata, jambo linalomwondoa mtu mbele ya panga lakini linaleta tahadhari nyingine. Stata huvuta umeme mwingi kupitia waya mnene, na waya huo ukichubuka na kugusa chuma, moto unaweza kuzuka. Kwa hiyo swichi kuu ya kukata umeme huwekwa karibu kabisa na betri.

Pale ambapo magneto bado inatumika, waya wake huendelea kukaguliwa kwa hofu ileile ya enzi za Stag Lane.

Majivu ya Sir Geoffrey yalimwagwa kutoka angani juu ya Seven Barrows, uwanda ambao bawa lake la kwanza lilivunjikia.