Sylvia Pankhurst na swali la wanawake gani

Mwaka jana, katika zoezi la tafsiri, tulipewa ukurasa mmoja wa historia ya Uingereza tuuweke katika Kiswahili. Nilikwama kwenye mstari wa tatu, kwa sababu ya neno suffragette. Kamusi mbili nilizokuwa nazo zilinipa maelezo badala ya neno. Nikaandika mwanamke anayedai kura, nikapata nusu ya pointi, nikakasirika kidogo. Niliporudi kulitafuta neno hilo vizuri ndipo nilipokutana na Sylvia Pankhurst, na tangu hapo sijaachana naye.

Neno lenyewe lilizaliwa mwaka 1906 katika gazeti la Daily Mail la London, nalo lilizaliwa kama kejeli. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunaijua hiyo -ette ya mwisho: camionnette ni camion ndogo, maisonnette ni nyumba ndogo. Wanawake waliokuwa wakiomba kura kwa barua na maombi, wakiongozwa na Millicent Fawcett, waliitwa suffragist. Wale wapya, waliowazomea mawaziri mikutanoni, gazeti lilitaka kuwafanya vitoto. Wao wakaliokota tusi, wakalivaa, na mwaka 1912 wakaliweka juu ya gazeti lao wenyewe. Basi tafsiri yangu ilistahili nusu ya pointi. Ilikuwa imeacha nje kejeli na kiburi pia.

Lakini katika nyumba ya akina Pankhurst ugomvi juu ya maneno ulianza kabla Sylvia hajazaliwa. Sheria ya uchaguzi ya 1867 ilimpa kura kila man mwenye masharti fulani ya nyumba. Kwa Kiingereza, man ni mwanamume, na mara nyingine ni mtu yeyote. Tena kulikuwa na sheria ya 1850 iliyosema kwamba maneno ya kiume katika sheria yahesabiwe kuwa yanawahusu wanawake pia. Wanawake zaidi ya 5,000 wa Manchester wakadai waandikishwe. Mwaka 1868 mahakama ikawakatalia: katika kura, man ni mwanamume tu. Mmoja wa mawakili waliowatetea alikuwa kijana Richard Pankhurst, ambaye baadaye aliandika mswada wa kwanza wa kura ya wanawake uliofikishwa Bungeni. Nikisoma kesi hiyo nacheka peke yangu. Kiswahili kina mtu, na mtu hana jinsia. Mahakimu wale wangelazimika kutafuta kisingizio kingine. Wangekipata, sina shaka.

Huyo Richard ndiye baba yake Sylvia. Binti alizaliwa Manchester tarehe 5 Mei 1882, wa pili baada ya Christabel. Baba alikufa ghafula mwaka 1898 akaacha madeni na mafundisho mengi. Mama, Emmeline, ndiye aliyeanzisha mwaka 1903, sebuleni kwake, umoja wa wanawake uliojulikana kwa herufi WSPU. Sylvia alikuwa mchoraji. Alisoma sanaa Manchester, kisha Royal College of Art huko London, na mikono yake ndiyo iliyoupa umoja ule bendera zake, na beji ya fedha waliyopewa waliotoka gerezani.

Mwaka 1907 alifanya jambo ambalo kwangu linaeleza yote yaliyofuata. Alizunguka Uingereza na Scotland akiwachora wanawake kazini: wafua minyororo wa Cradley Heath, wafinyanzi wa Staffordshire, wasokotaji pamba wa Glasgow. Wanawake hao walivuta moshi na vumbi kama wanaume, wakalipwa chini yao. Aliyewakalia mbele saa nyingi na rangi zake hawezi tena kusema neno wanawake akiwa anawaza mabibi wa saluni peke yao.

Na hapa ndipo penye mgogoro. Wanaume wengi maskini nao hawakuwa na kura wakati huo. WSPU ilidai wanawake wapewe kura kwa masharti yale yale ya wanaume, maana yake wenye mali. Emmeline na Christabel walikuwa na hoja yao: mlango ukifunguka kidogo utafunguka wote, na serikali hutikiswa zaidi na mke wa tajiri akivunja dirisha kuliko na mfua nguo. Siwezi kusema hoja hiyo ni ya kipumbavu. Ni hesabu. Sylvia hakuikubali hesabu hiyo. Mwaka 1912 alihamia mashariki ya London, kwenye mitaa ya bandari na viwanda, akakodi duka lililokuwa la mwoka mikate pale Bow, akaandika mlangoni kwa rangi ya dhahabu kwamba wanawake wanadai kura.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya gereza. Kutoka 1909 serikali ilikuwa ikiwalisha kwa nguvu wafungwa waliogoma kula, kwa mpira uliosukumwa kooni au puani. Sylvia alifanyiwa hivyo mwanzoni mwa 1913 katika gereza la Holloway, kwa majuma kadhaa, wauguzi wakimshika mikono na miguu. Mwishowe alitembea chumbani mwake zaidi ya siku nzima bila kulala, akianguka na kuinuka, hadi wakamwachilia. Mwaka huo huo Bunge likatunga sheria ambayo watu waliiita ya Paka na Panya: mgomaji akidhoofika anatolewa, akipata nguvu anakamatwa tena. Sylvia alitolewa na kukamatwa mara nyingi. Watu wa Bow walimficha katika nyumba zao, na wanaume wa bandarini walisimama kati yake na polisi. Chama chake kiliwapokea wanaume hao pia, jambo lililomchukiza Christabel.

Novemba 1913 alipanda jukwaa la Albert Hall pamoja na James Connolly kuwaunga mkono wafanyakazi wa Dublin waliofungiwa milango ya kazi. Januari 1914 aliitwa Paris, ambako Christabel alikuwa amekimbilia. Alisafiri akiwa bado mgonjwa. Kama alivyosimulia yeye mwenyewe baadaye, dada yake alimweleza kwamba wanawake wa tabaka la kazi ndio dhaifu kuliko wote, kwa kuwa maisha yao ni magumu na elimu yao ndogo. Vita hutaka watu wa kuchaguliwa. Sylvia aondoke na watu wake. Mama alikuwapo, hakumtetea. Na waliporudi London kukazuka ugomvi ambao sisi watu wa lugha tungeuelewa: kikundi cha mashariki kilijiita cha Suffragettes, na Emmeline akaja kulalamika kwamba jina hilo ni lao. Tusi la 1906 lilikuwa limekuwa mali ya kugombewa na mama na bintiye.

Juni mwaka huo, akiwa amekonda kwa njaa, alibebwa hadi mlango wa Bunge, akatangaza kwamba atakaa pale bila kula mpaka waziri mkuu Asquith akubali kuwapokea wanawake wa mashariki ya London. Asquith, aliyekuwa amewakwepa wanawake miaka yote, alikubali. Wanawake sita walikwenda kumweleza habari za mishahara yao na watoto wao. Sylvia mwenyewe hakuwa kati yao. Aliwaacha waseme.

Vita vilipoanza Agosti, mama na Christabel waligeuka wahubiri wa jeshi. Sylvia alipinga vita, na kwa kuwa bei za vyakula zilipanda na mishahara ya askari ilichelewa kuwafikia wake zao, alifungua mikahawa ya bei nafuu, kiwanda cha vitu vya kuchezea, na nyumba ya kulelea watoto katika baa ya zamani. Baa hiyo iliitwa Mikono ya Watengeneza Bunduki. Yeye akaiita Mikono ya Mama. Mwaka 1916 chama chake kilibadili madai pia, kikaanza kudai kura ya binadamu. Nilipokutana na maneno hayo niliikumbuka kesi ya baba yake.

Sheria ilikuja Februari 1918. Wanaume walipata kura wakiwa na miaka 21. Wanawake miaka 30, tena wenye nyumba au wake wa wenye nyumba, na wachache wenye shahada. Walikuwa zaidi ya milioni 8, si haba. Lakini wasichana waliojaza mabomu viwandani miaka minne wengi wao waliachwa nje. Iliwabidi kusubiri hadi Julai 1928, majuma machache baada ya kifo cha Emmeline.

Emmeline alikufa bila kupatana na binti yake. Desemba 1927 Sylvia, akiwa na miaka 45, alikuwa amezaa mtoto na Silvio Corio, mkimbizi wa siasa kutoka Italia, na akakataa kuolewa. Miaka ya nyuma alikuwa amempenda Keir Hardie, mbunge wa wafanyakazi, mtu mwenye mke na umri wa kumzaa, lakini hilo halikutangazwa. Hili alilitangaza. Alikwisha pia kugombana na wakomunisti, waliomfukuza mwaka 1921. Nakiri kwamba alikuwa mtu mgumu kukaa naye.

Wenzangu wa kitivo watapenda kujua kwamba katika miaka hiyo aliandika kitabu kidogo, Delphos, kudai lugha ya pamoja ya dunia, na akashiriki kuzitafsiri kwa Kiingereza tenzi za Mihai Eminescu wa Rumania. Lakini kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa Ethiopia. Tarehe 5 Mei 1936, siku majeshi ya Mussolini yalipoingia Addis Ababa, ambayo pia ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, alitoa toleo la kwanza la gazeti lililopigania nchi hiyo. Aliliendesha miaka 20. Wengi wamemlaumu kwamba mtu asiyependa wafalme alimsifu mno Haile Selassie, na nadhani wana haki. Swali lake la zamani, wanawake gani, watu gani, hakumwuliza mfalme huyo kwa ukali ule aliowauliza mama na dada yake.

Corio alikufa mwaka 1954. Miaka miwili baadaye Sylvia alihamia Addis Ababa na mwanawe Richard, aliyekuja kuwa mwanahistoria mkubwa wa nchi hiyo. Alikufa huko tarehe 27 Septemba 1960. Mfalme alihudhuria maziko, na akazikwa mbele ya kanisa kuu la Utatu Mtakatifu, mahali palipotengwa kwa mashujaa wa vita dhidi ya Waitalia. Kwa kuwa hakuwa na dini, wakampa jina la kuzikiwa: Walata Kristos, yaani binti wa Kristo.