John Akii-Bua: Mkimbiaji Aliyekuwa Mkimbizi

John Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda, kwenye familia ya ndugu zaidi ya 40 wa baba mmoja. Alijiunga na polisi, na humo kipaji chake kikaonekana. Alishiriki dekathloni, yaani michezo 10 ya riadha inayoshindaniwa kwa siku 2, lakini kocha wake Mwingereza, Malcolm Arnold, alimwelekeza kwenye mita 400 kuruka viunzi.

Tarehe 2 Septemba 1972, katika Olimpiki ya Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali. Alishinda kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, na Mganda wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki.

Mwaka 1976 Uganda ilisusia Olimpiki pamoja na nchi nyingi za Afrika, hivyo hakutetea taji lake. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, alikimbilia Kenya na familia yake, akaishia kambini kama mkimbizi yeyote. Baadaye aliishi Ujerumani, kisha akarudi Uganda kufundisha riadha. Alifariki mwaka 1997, akiwa na miaka 47.

Mtakatifu Paulo anatukumbusha kwamba taji la mwanariadha huharibika. Kambini, Akii-Bua alikuwa mkimbizi kama wengine. Alihitaji mtu wa kumpokea. Basi mkimbizi anapobisha hodi parokiani kwetu, tumpokee kabla ya kumwuliza alikuwa nani.