Peter Mkuu na Bandari za Urusi

Muhula huu, katika somo la Jiografia, tulifika kwenye habari za bandari za Urusi. Mwalimu wetu alitundika ramani, akatuonyesha jinsi nchi ile ilivyo pana, kisha akatuuliza sababu iliyoifanya nchi yenye ardhi tele namna ile ipigane vita vya miaka 21 kwa ajili ya kipande kidogo cha pwani chenye matope na baridi. Nilinyosha mkono upesi nikajibu kwamba Warusi walitaka ardhi zaidi. Darasa zima likacheka, nami nikaketi nimeinamisha kichwa. Jioni ile nilikwenda maktabani kutafuta jibu, na jibu nililolipata ni maisha ya mtu mmoja, Mfalme Peter wa Urusi, ambaye watu humwita Peter Mkuu. Nimeona ni vema niwasimulie wasomaji wa gazeti letu habari zake, zilizo njema na zilizo mbaya.

Peter alizaliwa mjini Moscow mwaka 1672. Baba yake, Mfalme Alexis, alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka 4. Mwaka 1682, alipokuwa na miaka 10, alitawazwa pamoja na ndugu yake wa baba mmoja, Ivan, aliyekuwa dhaifu wa mwili, na dada yao Sophia ndiye aliyeshika madaraka kwa niaba yao. Mwaka ule ule askari wa bunduki wa Moscow waliasi, wakawaua jamaa za mama yake, naye mtoto akiona kwa macho yake. Tangu siku hizo hakuupenda tena mji ule. Alikaa na mama yake katika kijiji kilicho nje ya mji, akawa akicheza vita na wavulana wenzake, na kujifunza kazi za mikono kwa mafundi wa kigeni waliokaa jirani.

Hata mwaka 1688, akiwa na miaka 16, yaani mdogo kuliko mimi sasa, aliikuta mashua kuukuu ya namna ya Kiingereza imetupwa ghalani. Seremala mmoja Mholanzi, Karsten Brandt, aliitengeneza, akaitia mlingoti na tanga, akamwonyesha jinsi chombo kinavyoweza kupiga bisho kikaenda hata upepo ukiwa wa mbele. Tangu siku hiyo kijana yule hakutaka kusikia habari nyingine ila za vyombo. Ajabu ni kwamba hakuwa amepata kuiona bahari, maana Moscow iko bara, mbali na pwani zote.

Hapa yafaa nieleze hali ya Urusi wakati ule. Ilikuwa kama nyumba kubwa yenye mlango mmoja tu, nao umefungwa nusu ya mwaka. Mlango huo ulikuwa bandari ya Arkhangelsk, iliyoanzishwa mwaka 1584 huko kaskazini, karibu na mahali Mto Dvina wa Kaskazini unapoingia katika Bahari Nyeupe. Wakati wa kiangazi merikebu za Waingereza na Waholanzi zilizunguka ncha ya kaskazini ya Norway, zikafika huko kuchukua manyoya, ngozi, nta, lami, shahamu, mbao, na katani ya kusukia kamba. Kisha maji yaliganda, na biashara ikakoma hata mwaka wa pili. Pwani ya Bahari ya Baltic, iliyo karibu zaidi na miji ya Ulaya, ilikuwa mikononi mwa Waswidi tangu mwaka 1617. Bahari Nyeusi ilikuwa ya Waturuki. Mali ya Urusi ilikuwa nyingi, lakini haikuwa na pa kutokea ila kwa radhi ya jirani.

Mwaka 1693 Peter alisafiri hadi Arkhangelsk, na hapo ndipo alipoiona bahari kwa mara ya kwanza. Alikaa na mabaharia, akala nao, akaanzisha mahali pa kuundia merikebu. Mwaka uliofuata alirudi tena, na dhoruba ikamkuta baharini, nusura afe maji. Mtu mwingine angerudi nyumbani akae. Yeye alizidi kuitamani bahari.

Basi akaanza upande wa kusini. Mwaka 1695 aliizingira ngome ya Waturuki ya Azov, akashindwa. Sababu yake ilikuwa wazi: alizuia njia za nchi kavu, lakini hakuwa na manowari za kuzuia njia ya bahari, na Waturuki wakaendelea kupelekewa chakula na baruti kwa vyombo. Peter hakumlaumu mtu. Majira ya baridi yale alikwenda Voronezh, akakusanya maelfu ya watu wakate miti na kuunda vyombo, na yeye mwenyewe akashika shoka. Mwaka 1696 alirudi na vyombo vyake, na Azov ikaanguka. Mwaka 1698 akaanzisha bandari ya Taganrog karibu na hapo. Lakini mlango huo ulitokea uani tu, kwa kuwa mlangobahari wa kutokea Bahari Nyeusi ulikuwa bado wa Waturuki.

Sehemu ya maisha yake iliyonigusa mimi mwanafunzi kuliko zote ni safari yake ya Ulaya, iliyoanza mwaka 1697. Aliiacha enzi yake, akajiita Peter Mikhailov, akaenda kujifunza. Kweli hakuweza kujificha sana, maana urefu wake ulizidi mita 2. Mjini Amsterdam alifanya kazi miezi kadhaa katika kiwanda cha merikebu cha kampuni ya Waholanzi iliyofanya biashara na India, akibeba magogo na kupigilia misumari kama fundi yeyote. Alipoona kwamba Waholanzi huunda kwa mazoea ya mkono tu, alivuka kwenda Uingereza mwaka 1698 ili ajifunze hesabu na michoro ya merikebu. Aliajiri mamia ya mafundi na manahodha wakafundishe watu wake, na mwaka 1701 akafungua mjini Moscow shule ya hesabu na elimu ya uanahodha.

Lakini siwezi kuficha jambo la pili la mwaka 1698. Akiwa safarini, wale askari wa bunduki waliasi tena. Alirudi kwa haraka, akawatesa, na zaidi ya 1,000 wakauawa. Mtu aliyekuwa mwanafunzi mnyenyekevu Amsterdam alikuwa mtawala wa kuogofya kwao.

Vita na Uswidi vilianza mwaka 1700. Mwaka ule ule, huko Narva, jeshi la Peter lilipigwa vibaya na Mfalme Charles wa 12, kijana wa miaka 18 tu. Peter alipoteza karibu mizinga yake yote. Akaagiza kengele za makanisa ziyeyushwe, akaunda mizinga mipya, akafundisha jeshi jipya, na polepole akashuka na Mto Neva kuelekea bahari. Mnamo Mei 1703 alifika penye midomo ya mto huo, mahali pa visiwa na kinamasi, akaweka msingi wa ngome. Hapo ndipo ulipoanza mji wa St. Petersburg. Mwaka ule ule, kabla maji hayajaganda, merikebu ya kwanza ya biashara ilifika, ya Waholanzi, na inasimuliwa kwamba Peter mwenyewe ndiye aliyekuwa rubani wake wa kuiingiza ndani. Mwaka 1704 akajenga ngome ya Kronshlot karibu na kisiwa cha Kotlin, ili ilinde njia ya merikebu.

Mji wa bandari haujengwi kwa amri tupu. Kila mwaka makumi ya maelfu ya wakulima waliitwa kwa lazima kutoka majimbo ya mbali. Walisimama ndani ya maji baridi wakipigilia nguzo za miti ardhini, kwa kuwa kinamasi hakikuweza kubeba nyumba. Wengi sana walikufa kwa maradhi, njaa na baridi. Mawe yalikuwa haba, hivyo mwaka 1714 Peter akaamuru kila chombo na kila gari linaloingia mjini lilete mawe, akakataza nyumba za mawe zisijengwe mahali pengine popote katika Urusi.

Tena niligundua kwamba bandari bila njia ya kutoka bara ni gati tupu. Peter alijua hayo. Alichimbisha mfereji wa Vyshny Volochyok, uliokamilika mwaka 1709, ili mashua za mizigo zitoke Mto Volga zifike Neva. Na wafanyabiashara waliozoea Arkhangelsk walipokataa kuhama, mwaka 1713 aliamuru katani, ngozi na bidhaa nyingine zipelekwe St. Petersburg. Walilalamika sana, maana nyumba zao na maghala yao yalikuwa kule, lakini haikuwafaa. Mji wa Arkhangelsk ukafifia. Huko St. Petersburg, mwaka 1722 ziliingia merikebu zaidi ya 100.

Wakati huo vita viliendelea. Mwaka 1709 Peter alimshinda Charles huko Poltava, na mwaka 1710 akatwaa bandari za Riga na Reval. Mwaka 1711 Waturuki walimzingira karibu na Mto Pruth, akalazimika kurudisha Azov na kuibomoa Taganrog, kazi ya miaka mingi ikapotea kwa siku chache. Mwaka 1714 manowari zake ziliwashinda Waswidi baharini huko Gangut. Mwaka 1721 amani ilifanywa, Uswidi ikaiachia Urusi pwani ile, naye Peter akapewa cheo cha Kaisari.

Nilifurahi kuona kwamba bara letu la Afrika limo katika habari hizi. Mtoto mmoja Mwafrika, Abram Gannibal, aliyekuwa amechukuliwa utumwani Istanbul, aliletwa kwa Peter, naye Peter akawa baba yake wa ubatizo na kumpeleka Ufaransa asome uhandisi. Baadaye, mwaka 1742, Gannibal alifanywa mkuu wa mji wa Reval, moja ya bandari zile zile zilizopiganiwa. Mshairi mashuhuri Alexander Pushkin ni kitukuu chake. Na mwaka 1723 Peter alituma manowari 2 kwa siri zije hadi Madagaska, katika Bahari yetu ya Hindi, lakini zilivuja na kupigwa na dhoruba mara tu zilipotoka, zikarudi.

Nyumbani kwake hapakuwa na amani. Mwanawe Alexei alizipinga njia za baba yake, akakimbilia nchi za nje. Alirudishwa, akateswa, akafa gerezani mwaka 1718. Peter mwenyewe alifariki mwanzoni mwa mwaka 1725, akiwa na umri wa miaka 52, akazikwa katika ngome ile ile aliyoianzisha kinamasini.

Waliomfuata waliendelea na kazi ya kutafuta milango: Novorossiysk kwenye Bahari Nyeusi mwaka 1838, Vladivostok mashariki mwaka 1860, na Murmansk mwaka 1916, ambako bahari haigandi ingawa ni kaskazini sana. Riga na Reval, ambayo sasa huitwa Tallinn, si za Urusi tena. Ni miji mikuu ya Latvia na Estonia.

Nilipoanza kusoma nilidhani nitaandika sifa tupu. Sasa sithubutu. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, lakini wale wakulima wa kinamasi walichuma kwenye baridi, na kivulini wakala wengine. Majina yao hayakuandikwa. Kwa hiyo mwalimu akiniuliza tena, nitajibu kwamba Urusi haikupigania ardhi, ilipigania mlango, kwa kuwa asiye na mlango wake huuza na kununua kwa hiari ya jirani. Kisha nitaongeza kwamba Peter alistahili kuitwa Mkuu kwa kuwa alikubali kuwa mwanafunzi, na kwamba hesabu ya bandari yake haijakamilika mpaka wahesabiwe na waliozikwa chini yake. Natumaini safari hii darasa halitacheka.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne