John Rock na Zile Siku Saba

Kule kwetu Mara, iwe Tarime mjini au Mugumu wilayani Serengeti, mwanamke anayetumia vidonge vya majira akikosa siku zake anaingiwa na hofu mbili: ama ana mimba, ama damu inamrundikana tumboni. Hofu hizo nilizisikia nyumbani, nikazikuta tena hosteli hapa chuoni. Wapo dada zetu walioacha vidonge kwa sababu hiyo, wakaishia kupata mimba wasiyoipanga. Kumbe hofu kama hiyo ndiyo iliyochangia pakiti ya vidonge kupangwa ilivyopangwa. Habari yake inaanzia kwa daktari mmoja wa Marekani, John Rock.

Rock alizaliwa Machi 24, 1890, Marlborough, jimbo la Massachusetts. Alikuwa Mkatoliki hasa, mtu wa misa kila siku, na baba wa watoto watano. Alihitimu udaktari Harvard mwaka 1918, akajikita katika kutibu wanawake wasiopata watoto. Mwaka 1944, yeye na msaidizi wake Miriam Menkin walitangaza kuwa wamerutubisha yai la binadamu nje ya mwili, jambo ambalo halikuwahi kufanyika.

Ndiyo, mtu wa vidonge alianza kwa kuwatafutia watu watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliwapa wagonjwa 80 homoni mfululizo kwa miezi 3, akitaka kuzipumzisha ovari zao. Walipoacha dawa, 13 walishika mimba. Ila walipokuwa kwenye dawa hawakuona hedhi, matiti yakajaa, kichefuchefu kikawashika, na wengi wakaamini wamepata mtoto. Kuambiwa sivyo kuliwaumiza mno. Mtafiti mwenzake, Gregory Pincus, akashauri dawa itumike siku 20 kisha iachwe kidogo ili damu itoke. Rock akakubali. Baadaye ikazoeleka siku 21 za dawa na 7 za mapumziko.

Mpango huo ulimfaa Rock kwa jambo jingine pia. Damu ya kila mwezi ilikifanya kidonge kionekane cha asili, naye alitumaini Kanisa lake lingekikubali. Kidonge cha Enovid kiliruhusiwa Marekani mwaka 1957 kwa matatizo ya hedhi, na mwaka 1960 kwa kuzuia mimba. Lakini tusimpambe kupita kiasi. Majaribio makubwa yalianza Puerto Rico mwaka 1956 kwa wanawake maskini, kwa dozi kubwa, bila kuwaeleza kwamba wako kwenye majaribio. Malalamiko yao ya kizunguzungu na kutapika yalipuuzwa.

Mwaka 1963 Rock alitoa kitabu cha kulishawishi Kanisa. Mwaka 1968 Papa Paulo VI akakataa. Rock alifariki Desemba 4, 1984, akiwa na miaka 94, na Kanisa halijabadili msimamo.

Sasa sisi tunajifunza nini? Damu ya zile siku saba si hedhi kamili. Inatoka kwa sababu homoni zimekatika kwa muda. Anayetumia vidonge mfululizo hana damu inayorundikana, maana ukuta wa mfuko wa uzazi unabaki mwembamba. Kinga ya mimba ni ile ile. Mwaka 2003 Marekani iliruhusu pakiti ya siku 84 za dawa na 7 za mapumziko. Faida ya mfululizo ni kupungua kwa maumivu na kichwa kuuma siku za damu. Kasoro yake ni matone yasiyo na ratiba, hasa miezi ya mwanzo. Mwenye mapumziko anajua siku yake, ila akichelewa kuanza pakiti mpya, hapo ndipo mimba inaponasa.

Vile vidonge 7 vya kahawia vina madini ya chuma tu, havina homoni. Usijiamulie kuviruka. Muulize kwanza muuguzi kama aina yako inafaa, hasa ukiwa na presha, kipandauso au historia ya damu kuganda. Na kama ulisahau vidonge na hujaona siku zako, pima mimba. Usikisie, na usiache dawa kwa hofu ambayo daktari mwenyewe aliikuta kwa wagonjwa wake miaka 70 iliyopita.