Daktari aliyewafundisha wanawake kubana mkojo

Msomaji, kama ukipiga chafya, ukicheka au ukinyanyua ndoo ya maji mkojo unakuponyoka, huenda umeshaambiwa ufanye mazoezi ya Kegel. Jina hilo ni la mtu.

Arnold Kegel alizaliwa mwaka 1894 katika jimbo la Iowa, Marekani. Alisomea udaktari, na mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa mkuu wa afya wa jiji la Chicago. Baadaye alihamia Los Angeles, akawa daktari wa magonjwa ya wanawake na mwalimu wa chuo kikuu.

Huko aliwahudumia kina mama waliovuja mkojo baada ya kujifungua. Tiba iliyozoeleka ilikuwa upasuaji, lakini kwa baadhi yao tatizo lilirudi. Kegel alijua kwamba misuli inayoshikilia kibofu na kizazi hulegea wakati wa kujifungua. Akaona kuwa, kama misuli ya mkono au mguu, nayo hupata nguvu ikifanyishwa mazoezi. Shida ni kwamba baadhi ya wanawake walipoambiwa wabane, walibana tumbo au makalio. Akatengeneza kifaa cha kuingizwa ukeni, kilichounganishwa na geji ya presha, ili mama ajionee mwenyewe kama anabana panapotakiwa. Mwaka 1948 alichapisha matokeo ya kazi hiyo.

Kegel alishafariki miaka mingi iliyopita, na wewe huhitaji kifaa chake ili kuanza. Bana kama unayezuia mkojo na hewa ya tumbo kwa pamoja, huku ukipumua kawaida. Hesabu hadi tano, kisha legeza kwa muda uleule. Rudia mara nane hadi kumi, na ufanye hivyo mara tatu kwa siku. Usifanye mazoezi haya wakati unakojoa. Usikate tamaa mapema, kwani misuli huhitaji angalau miezi mitatu.

Lakini kama mkojo unavuja mfululizo, mchana na usiku, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo inaweza kuwa fistula. Mazoezi hayaizibi. Nenda hospitali. Vilevile usisubiri ukiona damu kwenye mkojo au ukisikia maumivu wakati wa kukojoa.

Wanawake wengi huvaa pedi kila siku na kukaa kimya wakidhani ndiyo gharama ya kuzaa. Sivyo. Mweleze mkunga au daktari wako. Si jambo geni kwake.