Albert Howard: msomi aliyekubali kufundishwa na wakulima

Kule Luofu, kusini mwa wilaya ya Lubero, mkulima hana haja ya mashine ili ajue kama udongo umechoka. Jembe lenyewe linamwambia. Pale udongo ulipokuwa mweusi na laini, leo unakuta mwekundu, mgumu wakati wa jua, na mvua kubwa ikipiga unashuka na maji mpaka mtoni. Maharagi yanatoa maua, lakini maganda yanabaki matupu. Wazee walikuwa wanapumzisha shamba miaka kadhaa. Leo watu ni wengi, vipande vya shamba ni vidogo, vita vimehamisha familia mara kwa mara, na nani ataliacha shamba lilale bule wakati watoto wanangoja chakula?

Wengi wanasema dawa ni mfuko wa mbolea ya dukani. Lakini mfuko iko na bei yake, na siku barabara ikifungwa haufiki. Ndiyo maana, ndugu msikilizaji, leo tunakuletea maisha ya mtu aliyeuliza swali hilohilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita: namna gani shamba linaweza kulisha watu kila mwaka bila kufa? Jina lake ni Albert Howard, Mwingereza. Wengi duniani wanamwita baba wa kilimo-hai. Lakini yeye mwenyewe alijua alijifunza kwa nani, na hapo ndipo habari yake inatugusa.

Mtoto wa mkulima

Howard alizaliwa tarehe 8 Desemba 1873 huko Bishop's Castle, mji mdogo wa mashamba karibu na mpaka wa Wales. Baba yake alikuwa mkulima. Kijana alisoma sana, kwanza London, kisha chuo kikuu cha Cambridge, na akatoka na makaratasi ya sayansi ya mimea.

Mwaka 1899 alitumwa Barbados, kisiwa cha bahari ya Karibea, kuchunguza magonjwa ya miwa. Kazi yake ilikuwa ya ndani ya nyumba: kukaa na darubini, kutazama kuvu wanaoshambulia mimea, kisha kwenda kuwapa wakulima mashauri. Jambo moja lilimsumbua moyoni. Alikuwa anawaambia watu wafanye mambo ambayo yeye hajawahi kuyajaribu katika shamba lake, maana shamba hakuwa nalo. Aliona pia kwamba wasomi wamegawana mmea vipande vipande: huyu anajua mdudu, yule anajua ugonjwa, mwingine anajua chumvi za udongo, na hakuna anayetazama mmea mzima pale uliposimama.

Walimu wa Pusa

Mwaka 1905, akiwa na miaka 31, serikali ya Uingereza ilimpeleka India, katika kituo kipya cha utafiti wa kilimo huko Pusa, jimbo ambalo leo linaitwa Bihar. Mara hii aliomba shamba lake mwenyewe, na akapewa hekta 30 hivi.

Alipotembea vijijini alishangaa. Wakulima wale walikuwa maskini na hawakuwa na dawa yoyote ya kupuliza. Lakini mimea yao ilikuwa na afya kuliko ile ya wataalamu. Mtu mwingine angesema ni bahati. Howard akaamua jambo lililowashangaza wenzake: wakulima wa Pusa watakuwa maprofesa wake, na wadudu pia. Mdudu akishambulia mmea, maana yake kuna kitu hakiko sawa: mbegu haifai mahali pale, au maji yamesimama kwenye mizizi, au udongo una njaa. Badala ya kukimbilia dawa ya kuua mdudu, alirudi kutazama udongo.

Alitumia miaka mitano akiwafuata wakulima na kujifunza. Aliona wanachanganya mazao katika shamba moja, nafaka pamoja na jamii ya maharagi. Kwetu pia, mama anayepanda mahindi na maharagi pamoja anafanya kazi hiyohiyo, kwa sababu mizizi ya maharagi, ikisaidiwa na vijidudu vya udongo, inavuta azoti kutoka hewani na kuiweka shambani. Kufika mwaka 1910 Howard alikuwa anavuna mimea yenye afya bila dawa za kupuliza.

Ng'ombe wake wa kulima aliwalisha majani ya shamba hilohilo. Yeye mwenyewe aliandika kwamba walikuwa wanagusana pua na ng'ombe wa jirani waliokuwa na ugonjwa wa miguu na midomo, na hawakuambukizwa. Tuseme wazi hapa: wafugaji wasiache chanjo kwa sababu ya habari hii. Lakini kwake ilikuwa dalili kwamba afya ni mnyororo mmoja, unaoanza kwenye udongo, unapita kwenye mmea, unafika kwa mnyama na kwa mtu.

Gabrielle, nusu ya kazi

Kazi hiyo haikuwa ya mwanaume mmoja. Mwaka 1905 Howard alioa Gabrielle Matthaei, naye msomi wa Cambridge, aliyekuwa tayari na jina kwa utafiti wake juu ya namna majani yanavyotumia mwanga wa jua. Kwa miaka 25 walifanya kazi bega kwa bega. Pamoja walitoa mbegu za ngano za Pusa, zilizoenea katika mashamba mengi ya India. Baadaye serikali ilimpa Gabrielle cheo chake mwenyewe katika kituo kile, jambo lililokuwa nadra kwa mwanamke wakati ule. Alifariki mwaka 1930. Mara nyingi watu wakisema baba wa kilimo-hai wanasahau kwamba mama alikuwepo. Kwetu, ambako akina mama ndio wanaobeba jembe asubuhi, tusisahau.

Kilundo cha Indore

Mwaka 1924 bwana na bibi Howard walifungua taasisi mpya katika mji wa Indore, katikati ya India, kwenye hekta 120 hivi. Hapo, pamoja na mkemia Mhindi Yeshwant Wad, walitengeneza njia ya mbolea inayojulikana mpaka leo kwa jina la mji huo. Mwaka 1931 Howard na Wad waliieleza katika kitabu.

Njia yenyewe ilitoka kwa wakulima, wa India na wa China, ambao kwa karne nyingi walirudisha shambani kila kitu kilichotoka shambani. Howard aliipanga vizuri tu na kuipima. Unachukua mabua, majani makavu na majani mabichi, unayatandaza kwa tabaka. Juu yake unaweka samadi, kisha udongo uliolowa mkojo wa mifugo, pamoja na majivu kidogo. Unanyunyiza maji mpaka kilundo kiwe na unyevu, lakini kisijae maji. Unaacha nafasi hewa ipite, maana vijidudu vinavyofanya kazi hiyo vinapumua sawa vile sisi. Baada ya siku chache kilundo kinachemka ndani, na joto hilo linaua mbegu nyingi za magugu. Baada ya wiki 2 au 3 unakigeuza. Karibu na wiki ya 5 unakigeuza tena. Miezi mitatu ikitimia, unapata kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya msitu.

Howard alikuwa anapenda kutumia mfano wa msitu. Nenda utazame msitu wa Mlima Tshiaberimu, hapa hapa Lubero. Nani anaupelekea mbolea? Hakuna. Majani yanaanguka, wanyama wanaacha kinyesi, vijidudu na nyungunyungu vinakula vyote, na miti inakunywa tena. Udongo hauko wazi kwa jua na mvua hata siku moja. Howard alisema mkulima afanye vivyo hivyo, na akaiita sheria ya kurudisha: ulichochukua kwa udongo, udongo ukipate tena.

Kahawa ya Kiambu

Njia ya Indore ilifika Afrika Mashariki mapema. Mwezi wa pili 1933 ilianza kutumika katika shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu, nje kidogo ya Nairobi. Kutoka hapo ilienea katika mashamba mengine ya kahawa, Kenya na Tanganyika. Mashamba hayo yalikuwa ya walowezi, na jasho lilikuwa la vibarua Waafrika. Howard naye alikuwa mtumishi wa ukoloni, hatuwezi kulificha hilo. Tofauti yake ni kwamba alijifunza kwa watu waliotawaliwa, na akakiri.

Upande wetu, wakati wa Wabeleji, kazi ya kulinda udongo ilikuja kwa amri. Wazee milimani walilazimishwa kuchimba mitaro na kupanda majani ya kuzuia mmomonyoko, na asiyefanya aliadhibiwa. Uhuru ulipofika 1960, wengi waliacha mitaro ile ijifunge. Mitaro yenyewe haikuwa mibaya. Ubaya ulikuwa namna ilivyoletwa, maana mtu akilazimishwa jambo jema analiona kama mzigo.

Vita na mifuko

Howard alirudi Uingereza mwaka 1931, na mwaka 1934 mfalme alimpa heshima ya kuitwa Sir. Lakini wanasayansi wengi hawakumkubali. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, viwanda vilivyokuwa vinatengeneza azoti kwa ajili ya mabomu viligeukia mbolea, na mifuko ikaanza kuuzwa kila mahali. Howard alionya kwamba mbolea hiyo inalisha mmea lakini haiulishi udongo, na kwamba mkulima anayeitegemea peke yake anakula akiba ya wajukuu wake. Aliandika hayo mwaka 1940 katika kitabu chake kikubwa juu ya kilimo. Alieleza pia habari ya kuvu wadogo wanaoishi kwenye mizizi, wanaopelekea mmea maji na chakula, nao mmea unawalipa sukari. Leo sayansi inakubali kwamba urafiki huo upo katika mimea mingi sana.

Kuna mahali alipozidisha. Alifikiri karibu kila ugonjwa unatoka kwenye udongo dhaifu. Sisi wa Kivu Kaskazini tunajua mnyauko wa migomba unaweza kuua hata mgomba uliosimama kwenye mbolea nzuri. Ugonjwa huo unataka kung'oa mgomba mgonjwa na kusafisha panga kwa moto. Pia mbolea ya dukani kidogo, ikiwekwa katika udongo wenye samadi, inaweza kusaidia shamba lililochoka sana. Lakini ikiwekwa katika udongo mtupu, mvua inabeba pesa yako mpaka mtoni.

Howard alifariki tarehe 20 Oktoba 1947, akiwa na miaka 73. Mwaka mmoja kabla, Waingereza walikuwa wameunda shirika la kutetea udongo hai. Huko Marekani, Jerome Rodale alikuwa ameanzisha gazeti la kilimo-hai tangu 1942, na mtoto wake Robert ndiye aliyeeneza baadaye neno la kilimo cha kurudishia udongo uhai. Neno linasikika jipya, lakini mzizi wake uko Pusa, kwa wakulima ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kutoka Indore mpaka Luofu

Wewe uliye Luofu, Kayna, Kirumba au Butembo, habari hii inakusaidia nini? Utasema Howard alikuwa na ng'ombe wengi, na hapa mifugo imeibwa. Ni kweli. Lakini mbuzi wawili, kuku, sungura au kobayi wanatosha kuanzisha kilundo kimoja. Tithonia, yale majani yenye maua ya manjano yanayojiotea kando ya njia, yanaoza haraka na yana nguvu nyingi. Majivu yako jikoni. Maganda ya ndizi na ya viazi yako nyuma ya nyumba.

Chagua kivuli, fanya kilundo kinachofika kiunoni, kifunike kwa majani ya mgomba mvua isikioshe. Kikinuka vibaya, kimekosa hewa, ukigeuze. Kisipopata joto, ongeza samadi au maji. Mabaki ya maharagi na mahindi usiyachome: moto mmoja unakula chakula cha udongo cha msimu mzima. Na kwenye mteremko, panda mistari ya majani ya mifugo kukata mlima, ishike udongo na kulisha mbuzi wako.

Tukumbuke jambo moja. Kila gunia la viazi linalopanda gari kwenda mjini linabeba kipande cha shamba. Maganda yanabaki kwenye lundo la takataka za soko, Butembo au Beni, na mlimani hakirudi kitu. Hapo sheria ya kurudisha inavunjika, na anayelipa deni ni mtoto atakayerithi shamba. Kilundo kimoja hakitalipa deni lote, lakini ni malipo ya kwanza.

Na kama kuna mzee jirani yako ambaye shamba lake bado ni jeusi, usingoje mtaalamu afike. Mwendee asubuhi moja, ukae naye, umuulize. Sir Albert Howard, pamoja na makaratasi yake yote ya Cambridge, alianzia hapo.