Mary Tudor: Malkia wa Uingereza aliyemsubiri mtoto asiyezaliwa

Siku ya mwisho ya mwezi Aprili mwaka 1555, kengele za makanisa zilipigwa jijini London na mioto ya shangwe ikawashwa mitaani. Ilikuwa imeenea habari kwamba Malkia Mary wa Kwanza amejifungua salama mtoto wa kiume. Habari hiyo haikuwa ya kweli. Malkia alikuwa bado katika kasri la Hampton Court, ametawishwa pamoja na wanawake waliomhudumia, utoto umekwisha andaliwa, na barua za kuwatangazia wafalme wa nchi nyingine zimekwisha andikwa, zikiachiwa nafasi ya kujaza tarehe.

Mary alizaliwa tarehe 18 Februari 1516 huko Greenwich. Alikuwa binti wa Mfalme Henry wa Nane na mkewe wa kwanza, Catherine wa Aragon, ambaye watoto wake wengine walifia tumboni au wangali wachanga. Mfalme alitaka mrithi wa kiume, na alipomkosa alivunja ndoa hiyo na kumwoa Anne Boleyn mwaka 1533. Mary akavuliwa cheo cha binti mfalme, akatangazwa kuwa mwana haramu, na kupelekwa kuishi katika nyumba ya mdogo wake mchanga, Elizabeth. Mama yake alipokuwa mahututi hakuruhusiwa kwenda kumwona. Mama huyo alifariki Januari 1536.

Ni katika miaka hiyo ya ujana ndipo maradhi yake yalipoanza. Hedhi yake ilichelewa, ikakatika kwa muda, kisha ikarudi kwa maumivu, na pamoja nayo yalikuja maumivu ya kichwa na huzuni nzito. Matabibu wa zama zile waliamini kwamba damu isiyotoka kwa wakati wake huugeukia mwili na kuudhuru, hivyo wakawa wakimtoa damu kwa kumchanja. Tiba hiyo yumkini ilimdhoofisha zaidi, ingawa kwa haki yao, hapakuwa na aliyejua tiba iliyo bora.

Alitwaa ufalme Julai 1553 akiwa na umri wa miaka 37. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Julai, alifunga ndoa na Philip wa Hispania katika kanisa kuu la Winchester. Bwana harusi alikuwa amezidiwa na mkewe miaka 11. Kwa Mary, mtoto hakuwa furaha ya nyumbani tu. Bila mrithi, kiti kingemwendea Elizabeth, na pamoja nacho juhudi zote za kuirudisha Uingereza katika Kanisa Katoliki. Kwa ajili ya juhudi hizo hizo, tangu Februari 1555, Waprotestanti walianza kuchomwa moto. Walipita 280 kabla ya utawala wake kwisha, na hilo ndilo wengi wanalomkumbukia.

Septemba 1554 hedhi yake ilikoma. Kichefuchefu cha asubuhi kikamjia, tumbo likakua, matiti yakajaa. Bunge likapitisha sheria ya kumfanya Philip mlezi wa mtoto na msimamizi wa nchi iwapo malkia angefariki katika uzazi. Hakuna aliyekuwa na kipimo cha kuthibitisha. Kipimo cha kwanza cha mimba cha kuaminika kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1920. Wakati ule mwanamke alitegemea kuhesabu siku tangu alipoingia mwezini mara ya mwisho, na hesabu hiyo humfaa zaidi yule ambaye mwezi wake hauhamihami. Kwa Mary, ambaye kukosa hedhi kulikuwa jambo la miaka zaidi ya 20, ishara kubwa ya mimba ilikuwa pia ishara ya ugonjwa wake wa zamani.

Mwezi Mei ukapita, kisha Juni. Matabibu wakasema wamekosea hesabu, wakaisogeza mbele. Mabalozi wakaanza kunong'ona. Julai tumbo likapungua, na mwanzoni mwa Agosti malkia aliondoka Hampton Court bila tangazo lolote. Mwisho wa mwezi huo Philip alisafiri kwenda Flanders.

Tiba ya leo inaeleza kwamba yai la mwanamke hupevuka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Mzunguko usipotabirika, siku hiyo nayo haitabiriki, na pengine yai halipevuki kabisa. Kwa hiyo kuchelewa kwa hedhi si lazima kuwe mimba: huenda chanzo ni homoni, tezi, uvimbe au msongo mkubwa wa mawazo. Kuhusu Mary, wapo wanaodhani alikuwa na uvimbe katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambao huweza kuzuia hedhi na hata kuleta maziwa kwa asiye mjamzito. Wengine wanataja uvimbe wa mfuko wa uzazi au wa ovari. Hakuna dhana iliyothibitishwa.

Philip alirudi Machi 1557 na kuondoka tena Julai. Mapema mwaka 1558, Mary, sasa akikaribia miaka 42, aliamini kwa mara nyingine kuwa ni mjamzito. Mwezi Machi aliandika wasia akimwachia ufalme mtoto wa tumboni mwake. Safari hii walioamini walikuwa wachache. Mwezi Oktoba, akiwa mgonjwa, aliongeza maneno katika wasia huo, akikubali kwamba huenda hatapata mtoto na kwamba kiti kitakwenda kwa yule anayestahili kisheria.

Alifariki tarehe 17 Novemba 1558 katika kasri la St James's, na Elizabeth akawa malkia siku hiyo hiyo. Elizabeth naye hakuzaa. Alipofariki mwaka 1603 alizikwa Westminster, na hatimaye jeneza lake likawekwa juu ya jeneza la dada yake, katika kaburi moja.